Mzinga Kwenye Uzio wa Minyaa

Pale Mitundu ukimuuliza Calist leo ni tarehe ngapi, atakutazama kama umemuuliza bei ya ndege. Lakini muulize nini kimechanua porini, hapo tafuta kigoda ukae. Atakwambia mti wa mtundu umeshaanza kuchanua kule bondeni, mgunga bado unajivuta, na alizeti za majirani zimeshainamisha vichwa, kwa hiyo nyuki wanarudi msituni. Binti yake Janeth, anayeishi Utemini mjini, akipiga simu kuuliza aje lini kuchukua asali, anajibiwa, "Njoo mgunga ukimaliza." Janeth hucheka tu, maana kule Utemini mgunga atauona wapi?

Ndivyo alivyo, na ndiyo maana tunampenda. Hatundiki mzinga ovyo. Kabla ya kuupandisha mtini anazunguka eneo hilo masika na kiangazi, ajue nyuki watakula nini mwaka mzima. Na vijana wanaotundika karibu na minyaa, ile miti ya utomvu ya kuzungushia uzio, anawagombeza hadharani, kwa sababu minyaa ikichanua wakati wa kiangazi, na ua lingine hakuna, asali yake inawasha koo kuliko pilipili.

Sasa mtu huyo huyo, mwaka jana, alikwenda kutundika mzinga kwenye mti uliosimama katikati ya uzio wa Kristina. Na uzio wa Kristina ni minyaa mitupu.

Kristina ni mjane. Minyaa ile aliipanda marehemu mume wake kuzungushia zizi la mbuzi, na tangu amzike hakuruhusu mtu akate hata tawi. Calist naye alifiwa na mke zamani. Moyo wake ulikuwa umenasa kwa Kristina, ila mdomo haukufunguka. Mzinga ule ulimpa sababu ya kupita pale kila jioni.

"Nimekuja kuangalia nyuki, mama Stanley."

"Nyuki wazima, baba Janeth. Wamekuulizia."

Basi, maneno hayo yalimtosha mpaka kesho.

Lakini nia yake ilikuwa ya kweli. Baba yake alimposa mama yake kwa kibuyu cha asali, na yeye alijiwekea nadhiri kwamba asali ya kwanza ya mzinga ule ndiyo itakayomsemea. Alitegemea alizeti ambazo Kristina alikuwa amepanda nyuma ya zizi: zikichanua vizuri, nyuki watajaza masega kabla ya minyaa kuchanua. Jua likaziunguza zikiwa bado changa. Calist hakuona. Mtu anayelijua ua kabla halijafumbuka, alipita kando ya shamba lililokauka jioni baada ya jioni, macho yote mlangoni kwa mwanamke!

Siku ikafika. Akarina, akachuja, akajaza kibuyu, akavaa shati la kanisani. Hakuonja. Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Mrina asali gani haonji?

Kristina alichovya kidole, akalamba. Akaanza kukohoa, machozi yakamtoka, akaenda mtungini akanywa kata nzima ya maji. Calist akachovya naye. Koo likawaka moto. Akatazama uzio, akatazama mabua makavu ya alizeti, ndipo akaelewa. Hotuba yote aliyoipanga njiani ikapotea.

"Hii ni ya minyaa," Kristina alisema, sauti imekwaruza.

"Ni ya minyaa. Nisamehe, mama Stanley. Kesho nautoa mzinga, sitakusumbua tena."

"Hukujua kama hapa kuna minyaa?"

"Nilijua."

"Kijiji kizima tumekusikia ukigombeza watoto wa watu kwa jambo hili. Sasa mzinga wako ulifuata nini hapa?"

Calist aliinama akatazama viatu vyake. Alitafuta uongo, hakuupata.

"Ulikufuata wewe," alisema.

Kristina hakucheka. Alikifunika kibuyu, akakichukua, akaingia nacho ndani. Calist alibaki uani peke yake, hajui aondoke au akae, na nyuki wanapita juu ya kichwa chake wakienda kwenye minyaa. Kristina alipotoka, mkononi alikuwa na panga.

"Mzinga uache pale pale," alimwambia. "Tutakata minyaa. Mbuzi nitawazungushia miiba."

Calist alitaka kumkumbusha ni nani aliyeipanda, lakini alimwona usoni kwamba anakumbuka. Akampokea panga. Utomvu wa minyaa unapofusha, na hakutaka macho ya Kristina yapate shida.

Habari zikafika Utemini. Janeth akapiga simu ya baba yake kuuliza harusi ni tarehe ngapi, aombe ruhusa kazini. Aliyepokea ni Kristina.

"Tarehe siijui, mwanangu," alisema. "Wewe njoo mtundu ukichanua."