Nilivyomwandaa mama yangu wa Baraka kwenda kuangalia tembo Katavi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara, wa visiwani, na sisi wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma visa vyenu nikiwa kwenye cherehani, nacheka peke yangu, wateja wanadhani nimechanganyikiwa. Leo zamu yangu. Sitatia chumvi, maana kilichotokea kina chumvi yake tayari.

Naishi Baraka, Fizi, upande wa Congo. Nashona nguo. Kiswahili changu msikishangae: nilikulia kambini Tanzania, baadaye tukarudi nyumbani, kwa hiyo huku wananiita Mtanzania na huko mngeniita Mkongo. Nimeshazoea.

Sasa kisa.

Nimempeleka mama yangu mzazi Hifadhi ya Katavi, kuangalia wanyama. Hatukualikwa na shirika, hatukwenda semina, hatukufuata matibabu. Tulikwenda kutembea. Likizo, kama wanavyofanya wazungu.

Najua kuna mtu ameshatabasamu. Kwetu ukisema "niko na safari" watu wanauliza mambo matatu: ni biashara, ni msiba, au kumeharibika tena? Safari ya kwenda kufurahi tu, hilo swali halipo.

Mama yangu ana ugonjwa mmoja: tembo. Babu, baba yake, alikuwa akimsimulia tembo wa porini, njia ya kwenda Lulimba huku kwetu, jinsi walivyokuwa wakipita wakitikisa ardhi. Mama akakua, akazeeka, hajamwona hata mmoja. Tembo akitokea kwenye televisheni ya jirani, mama anaacha mchele kwenye ungo na kuanza kumsemesha. "Pita pole, mama. Usimukanyage mutoto."

Nilipata msimu mzuri wa kushona sare za harusi, nikasema basi, huyu mwanamke atamwona tembo kabla macho hayajachoka.

Nikamwambia. Akaniangalia kama nimemtukana.

"We Riziki. Mi nilivuka ile maji juu ya kukimbia. Leo unataka nivuke juu ya kuangalia nyama?"

(Huku kwetu nyama ni mnyama pia, siyo ile ya kwenye sahani tu.)

"Ndiyo, mama. Juu ya kuangalia nyama."

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo: "Na tembo biko bingi?"

Hapo nikajua nimeshinda.

Kikwazo kikawa kaka yangu mkubwa, tunayemwita yaya Asende. Yeye ni mfanyabiashara wa samaki kavu, ziwa analijua kama uani kwake, na akisema neno pale nyumbani linakaa. Alikuja na kiti chake kabisa, akakaa mbele yangu.

"Mama iko na tension. Akianguka kule mu pori, utamurudisha na nini? Na musumeno yako ya cherehani?"

Cherehani haina msumeno, lakini nilimwelewa. Swali lake lilikuwa la haki. Nikamwambia, "Yaya, nipe muda. Nitakujibu kwa vitendo."

Wakuu, kama mnataka kujua maandalizi ya safari ya porini yanaanzia wapi, yanaanzia kwenye swali la yaya Asende. Mtu wako akianguka huko, utamrudisha na nini? Ukishaweza kulijibu hilo, mengine ni mepesi.

Nikaanza na daktari. Alimpima mama tension, yaani presha, akamrekebishia dozi, akasema anaweza kusafiri ila asikae kwenye gari bila kunyoosha miguu, na asiruke kidonge hata kwa sababu ya furaha. Dawa tuligawa: nusu kwenye mkoba wake, nusu kwenye wangu. Begi kubwa likipotea au likianguka majini, tension haitasubiri lipatikane.

Tukachanjwa homa ya manjano, tukapata kadi. Chandarua tukabeba. Wapo watakaosema sisi na malaria tumezaliwa pamoja. Sawa, lakini hata ndugu uliyezaliwa naye anaweza kukuua.

Kisha dereva. Wa kwanza niliyempigia Kigoma nilimuuliza gari lake likiharibika katikati ya hifadhi tunafanyaje. Akacheka: "Dada, wewe njoo tu, utafurahi." Nikammwaga palepale. Mtu anayecheka swali la usalama mkiwa kwenye simu, porini atakucheka kabisa.

Wa pili alikuwa Maganga, mtu mzima, mpole, nililetewa jina lake na mteja wangu aliyewahi kusafiri naye. Nilimuuliza hospitali ya karibu iko wapi, ana simu ya upepo, ana magurudumu ya akiba, ana sanduku la huduma ya kwanza. Alijibu kila kitu bila haraka. Mwisho akaniuliza yeye: "Mama anakula nini, na magoti yake yakoje?"

Huyo ndiye tukamchukua.

Mama naye alikuwa na swali lake, akanivuta pembeni. "Muulize fasi ya kujisaidia iko wapi. Mi siwezi kupanda gari siku muzima bila kujua."

Nilimuuliza. Maganga hakucheka. Alieleza vituo vilivyopo, na kwamba katikati ya hapo yeye anakagua mahali kwanza, hakuna kushuka kabla hajasema. Mama aliposikia, mabega yake yakashuka. Nilidhani anaogopa simba, kumbe muda wote shida ilikuwa choo.

Sasa nguo. Hapa ndipo tulikaribia kukosana.

Mama alitaka kwenda na kitenge chake cha bluu, kile cha siku kuu za kanisa. Maganga alikuwa ameshaniambia: bluu na nyeusi zinaita mbung'o, yule nzi anayeuma kama sindano ya cherehani. Nikamletea kitambaa cha kahawia.

"Iyi rangi ni ya udongo."

"Ndiyo, mama. Tunataka ufanane na udongo."

"Mi nitafanana na udongo wakati banazika. Sasa bado."

Wakuu, nilishona. Nilimshonea liputa, yaani kitenge cha kujifunga kiunoni, na blauzi, kahawia ile ya majani makavu, mikono mirefu, shingo nikaitarizia uzi wa rangi ya dhahabu, na mabegani nikampandishia kidogo kama anavyopenda. Nguo ya porini lakini ya mama mwenye heshima. Alipoivaa mbele ya kioo aligeuka, akageuka tena, akasema, "Kumbe udongo unaweza kupendeza."

Sijawahi kushona nguo bora kuliko ile. Nalisema bila aibu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimejinunulia suruali ya mtumba sokoni, ya kijani yenye mabakabaka kama majani. Nikajiona mtalii. Yaya Asende alipoiona alininyang'anya.

"Iyi ni ya basoda! Unataka bakufunge ku mupaka?"

Alikuwa sahihi kabisa. Kwa mazingira yetu, na hata huko tulikokuwa tunakwenda, nguo inayofanana na ya jeshi si ya kuchezea. Suruali ikawa matambara ya kufutia mashine.

Lakini tangu siku hiyo yaya akawa upande wetu. Yeye ndiye aliyechagua boti, akamkataa nahodha mmoja kwa kuwa alijaza mizigo kupita kiasi, na akamfunga mama gilet ya kuokolea, lile boya la kuvaa, kwa mikono yake mwenyewe, akivuta kila kamba.

"Ukiitoa, nitajua," akamwambia.

Tulivuka ziwa likiwa limetulia. Mama alishika mkono wangu, akaangalia milima ya kwetu ikipungua.

Kigoma, kwenye dawati la uhamiaji, alikuwepo afisa kijana. Akaangalia karatasi za mama, akamuuliza kwa adabu: "Shikamoo, mama. Umekuja kwa matibabu, au una ndugu kambini?"

Nilitaka kujibu mimi. Mama akanitangulia.

"Marahaba, baba. Hapana. Nimekuja kuangalia tembo."

Yule kijana akainua macho. Akamtazama mama, nguo yake, kofia yake pana, darubini yangu ya kuazima iliyoning'inia shingoni mwake. Akagonga muhuri.

"Karibu sana Tanzania, mama. Utusalimie tembo."

Wakuu, mwanamke huyu mara ya kwanza kufika ufukwe ule alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto mwenyewe mimi, na sufuria kichwani. Nilisimama pale nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Barabarani hatukukimbia. Maganga, aliyetupokea Kigoma, alisimama mara kwa mara, mama anashuka, anazunguka gari, anapanda. Nilimshonea mto wa kukalia na mwingine wa kiuno, na maji alikunywa hata alipokataa. Tulilala Mpanda, tukapumzika vizuri, ndipo tukaingia hifadhini asubuhi. Usimwingize mzee porini akiwa amechoka, ataona vumbi tu.

Ilikuwa kiangazi, mto umebaki madimbwi, na viboko wamerundikana matopeni kama magunia sokoni. Mama alicheka mpaka machozi. "Angalia! Banagombania fasi kama bamama ba soko!"

Mbung'o walikuja. Mimi walinipata kwenye kifundo cha mguu, mama hawakumgusa. Aliniangalia tu, akashika ukosi wake wa kahawia.

Halafu Maganga akaona kitu mbele. Akaingiza gari polepole chini ya miti, akazima injini.

"Tukae kimya kabisa," akanong'ona. "Wanakuja."

Kimya kikashuka. Matawi yakaanza kuvunjika upande wa kushoto.

Nikamgeukia mama nimwonyeshe, nikakuta anatetemeka. Mikono yote miwili imefunga mdomo. Macho hayapo hapo.

Nikaelewa.

Kimya, miti, kitu kikubwa kinakuja, mtu anakuambia usitoe sauti. Mama alishawahi kuwa hapo. Siku zile za kukimbia walilala msituni, na yeye alikuwa akinifunga mdomo nisilie. Nilikuwa nimeandaa vidonge, mito, maji, kofia, kila kitu. Hili sikuliwaza hata kidogo.

Nikamgusa Maganga begani. Alimwona mama, akaelewa bila maelezo. Akasema taratibu, "Mama, tukitaka kuondoka tunaondoka sasa hivi. Ni wewe tu useme."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo.

Mama alifumba macho. Akavuta pumzi, akaishusha. Nilihesabu mapigo yake kwenye kifundo cha mkono, nikiwa nimeshafungua mkoba wa dawa. Akateremsha mikono kutoka mdomoni, mmoja, kisha wa pili.

"Hapana," akasema. "Ile siku banatukataza kukohoa. Leo mi nanyamaza juu mi mwenyewe nimependa."

Na akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha makusudi.

Hakuna kilichotokea. Ndege mmoja aliruka, basi.

Kisha wakatokea. Jike mkubwa mbele, masikio yamechanika pembeni, nyuma yake wengine, na katikati mtoto anayejikanyaga miguu yake mwenyewe. Walivuka njia mbele yetu, karibu kiasi cha kusikia ngozi ikisuguana. Yule jike akasimama, akatuangalia. Mama naye akamwangalia.

"Pita pole, mama," akanong'ona. "Pitisha mutoto."

Wakapita wote.

Maganga alikaa muda kabla ya kuwasha gari. Mimi nilikuwa nalia na sikujali. Mama alijifuta uso kwa kitambaa, akaniuliza kama kuna chai. Chupa ilikuwepo. Tukanywa humohumo garini, mapigo yake yakiwa yametulia kuliko yangu.

Tulikaa hifadhini siku nyingine pia, tukaona twiga, simba amelala kama mtu mvivu, na tembo tena. Safari hii mama hakutetemeka. Alikuwa anamwelekeza Maganga wapi aegeshe.

Tuliporudi Baraka, yaya Asende alikuwa bandarini. Hakusema "karibuni". Alimpeleka mama moja kwa moja kwa daktari, kabla hata ya nyumbani. Tension ilikuwa nzuri. Yaya akatoka nje ya chumba, akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo.

"Umenijibu," akasema. Basi. Kwa anayemjua Asende, hiyo ni hotuba.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Safari ya porini si ya watu wenye ngozi fulani au pasi fulani. Tunaiweza. Ila jiandae kama mtu anayempenda anayesafiri naye: daktari kabla ya picha, dereva anayeheshimu maswali, nguo inayofaa na inayopendeza pia. Na kwa sisi tunaotoka sehemu zenye historia kama yetu, kaa na mtu wako kabla hamjaondoka, muulize kimya kinamkumbusha nini. Mwambie dereva pia. Mimi sikuuliza, na aliyetuokoa ni mama mwenyewe.

Bamama wawili wa kanisani wameshaniletea vitambaa vya kahawia, na mmoja wa Lweba anauliza kama nyani nao wana mahali pao pa kutembelewa. Kwa hiyo wenye uzoefu wa Gombe na Mahale, hasa kwa wazee wenye magoti mabovu, nisaidieni hapa chini. Wenye maswali kuhusu kuvuka kutoka huku, ulizeni, nitajibu nikiwa na umeme.

Mama amekaa hapa pembeni, ananiuliza ni nini ninaandika muda wote huu. Nimemsomea. Amesikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kidole kwenye simu.

"Haujaandika mi nilikaa fasi gani mu gari. Andika. Baambie nilikaa mbele."