Ukili Ndani ya Riwaya

Juzi nilifungua riwaya kuukuu ya upelelezi, nikakuta kipande cha ukili wa mkeka katikati ya kurasa. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Mtongwe, nilipokuwa nikimsomea bibi, naye akisuka mkeka, baraza yote ikinukia miyaa. Riwaya za mapenzi alizicheka, za majini alizisomea dua. Katika hii, kijana alipouawa, bibi alisema, "Innalillahi," akaninyang'anya kitabu.

"Bibi, hadithi tu hiyo!"

"Najua, mjukuu wangu. Lakini mamake hajapata habari. Mwache kidogo."

Akatia ukili, akafunga. Nilinuna, nikidhani haelewi riwaya. Sikujua kwamba naye aliwahi kuletewa habari kama ile mlangoni.

Juzi nilisoma mpaka penye ukili, nikakifunga kitabu. Mamake bado hajui.