Bibi Aliyetuonyesha Mipaka

Usiniamini ukitaka, lakini maji yale niliyanywa kwa mdomo wangu huu, mchana kweupe, kule Endabash.

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Karatu. Mama Chebet, nesi mstaafu kutoka Kenya, alikuwa amefiwa na mumewe, akawa anatafuta nyumba ya kupanga huku shambani, azeekee mahali penye utulivu. Nilimtumia picha nilizopewa na mwenye nyumba, kijana anayeishi Arusha: ukuta mweupe, baraza la kijani. Tulipofika tukakuta ukuta una nyufa, milango imeliwa na mchwa, bomba kavu. Mama hakunilaumu. Hilo liliniuma zaidi.

Kawaida yetu, shamba huonyeshwa jirani wa mpaka akiwepo. Mimi sikumwita kwa makusudi. Jirani ana mdomo, huharibu biashara.

Barazani alikaa bibi mmoja akipukuchua mahindi. Alitukaribisha, akatupa maji kwa kikombe cha bati, baridi ya kuuma meno. Kisha akatuzungusha mipaka: minyaa upande huu, mikonge upande ule. Nyuma ya jiko akasimama penye magugu.

"Hapa msilime, wanangu," alisema taratibu. "Mkipanda maua nitafurahi."

Mama Chebet akamshika mkono. "Hatutalima, bibi. Nakuahidi."

Bibi akaingia ndani. Mara jirani akatokea kwenye minyaa, jembe begani, akauliza nani katukaribisha. Tulipomweleza bibi alivyo, akakaa chini.

"Huyo ndiye mwenye nyumba hasa, mama wa yule kijana wa Arusha. Tulimzika hapo penye magugu. Mwanawe hakuwaambia?"

Nikaingia ndani kumtafuta. Vumbi tupu, na nyayo ni zangu peke yangu. Unadhani nilifanya nini? Nilikimbia hadi barabarani, dalali mzima, nikamwacha mgeni wangu. Kikombe kilikuwa bado mkononi.

Niliporudi na aibu yangu, nilimkuta Mama Chebet amepiga magoti, anang'oa magugu.

"Mimi nimeachwa, na yeye kaachwa," aliniambia. "Tutaelewana."

Nyumba aliichukua, akaikarabati, na kaburi sasa limejaa maua. Namheshimu mama yule kuliko ninavyojiheshimu.

Mimi tangu siku ile, maji yote ninayokunywa nayaona vuguvugu. Nawe unayetafuta nyumba ya mbali kwa picha za simu, mwite kwanza jirani wa mpaka. Usipomwita yeye, anaweza kuja mwenye nyumba.