Wajukuu wa Kwenye Fremu

Mjomba wangu ni fundi wa makochi, na mtaa mzima unamwita Punguza. Jina hilo alilipata kihalali. Aliwahi kumwambia daktari wa meno apunguze kidogo, kwa kuwa jino lenyewe lilikuwa limeshaanza kutoka.

Karakana yake inanuka gundi tangu mlangoni. Huongea misumari ikiwa imebanwa midomoni, kwa hiyo wateja wake wamezoea kuelewa nusu na kukisia nusu. Mpelekee kochi lililokaliwa na vizazi vitatu: atalichuna, atalishindilia sponji, atalivika kitambaa kipya, na litarudi kwako linang'aa kama bibi harusi. Ila usiligeuze. Chini amegongomelea magunia. Ukilalamika atakuuliza, "Kwani wewe unakaa juu au chini?"

Mtu wa watu, mcheshi, hana ugomvi na yeyote. Kilichomshinda ni kitu kimoja tu, kuwaleta watoto wake watatu wamwone mama yake.

Bibi anaishi kwetu, kwa dada yake Mjomba, yaani mama yangu. Mjomba huja akipata upenyo, anakunywa chai, anaminyaminya makochi yetu kuona kama kazi yake bado imeshika, anaaga. Siku zote peke yake.

"Wanangu hawajambo?" Bibi humuuliza.

"Hawajambo, Mama. Wanakusalimia sana."

Salamu hizo alikuwa anazitunga njiani. Mara watoto wana mitihani, mara mmoja ana mafua, mara mama yao kawapeleka kwa wazazi wake. Kitindamimba alipoletwa mara ya mwisho alikuwa anabebwa mgongoni. Sasa ameng'oa meno na kuota mengine. Ungekuwepo ugomvi ingekuwa afadhali, maana ugomvi una chanzo na wazee huweza kuusuluhisha. Huu ulikuwa uzembe mtupu. Na uzembe ukikaa sana unazaa aibu, na aibu ndiyo inayomfanya mtu aone kesho ni bora kuliko leo.

Kwa muda mrefu macho ya Bibi yalimpa Mjomba kisingizio. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na hata wajukuu wangekuja angeona ukungu wenye miguu. Kisha akafanyiwa upasuaji. Siku bandeji ilipotolewa, alimtazama Mama usoni kwa makini, akasema, "Kumbe na wewe umezeeka hivi!" Tukacheka mpaka muuguzi akatunyamazisha. Mjomba alikuwepo pale pembeni ya kitanda. Bibi akamgeukia.

"Na wewe sasa nimekuona. Bado wajukuu zangu. Nataka kuwaona."

Hata muuguzi alielewa maana yake. Mjomba naye alielewa, ila kwa namna yake. Alikwenda kununua fremu.

Alinichukua mimi tufuatane kwa sababu nimesomea kompyuta, angalau nusu ya kwanza ya kompyuta. Alikuwa ameziona hizo fremu za umeme kwa mteja mmoja: unachomeka ukutani, picha zinapita zenyewe moja baada ya nyingine. "Mama atawaona kila siku," akaniambia. "Kuliko waje saa moja waondoke." Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Dukani zilipangwa kwa ukubwa. Muuzaji, dada mmoja asiyecheka bure, akatuonyesha nzuri: kioo kikubwa, rangi za kweli, inapokea picha moja kwa moja kutoka kwenye simu. Mjomba akauliza bei, akaiacha kama mtu aliyeshika pasi ya moto. Akaonyeshwa ya kati. Akaigeuza nyuma, akaigonga kwa kucha, akasema plastiki hiyo hata ndoo ya kuogea inaizidi.

"Baba, sema una shilingi ngapi tusipotezeane muda," muuzaji akasema.

"Mimi natafuta kitu cha mama yangu mzazi. Huwezi kumpunguzia mama?"

"Mama yako mwenyewe humtolei, nimtolee mimi?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Mjomba hata hakutikisika. Katika biashara ana ngozi ya kiboko. Mwishowe dada yule akainama chini ya kaunta, akatoa fremu moja isiyo na boksi.

"Hii ilirudishwa na mteja, alitaka kubwa zaidi. Nzima, haina tatizo. Ila ina picha zake ndani, zifute kabla hujampa mtu. Na memori kadi ikiwa kubwa sana haisomi."

Sentensi hizo nilizisikia mimi. Mjomba alichosikia ni "ilirudishwa", na hapo hapo akaanza kuidai bei ya kitu kilichorudishwa. Nikamwambia tuijaribu. Akanikanyaga mguu. "Ukijaribu sana watajua unaipenda, watapandisha." Nikamwambia basi tupitie nyumbani niipange. Akasema anaweza mwenyewe, kwani kuchomeka kadi kuna shule gani?

Akachomeka kadi kubwa yenye picha za wanawe, akaifunga fremu kwa mabaki ya kitambaa cha kochi, akaja nayo Jumamosi.

Bibi alikuwa amevaa vizuri, miwani mipya puani. Jirani yetu tunayemwita Redio alikuwa ameshakaa. Habari za zawadi zilimfikia kabla ya zawadi yenyewe. Mjomba akaiweka juu ya kabati, akachomeka kwenye umeme. Kioo kikawaka.

Watoto watatu. Msichana mrefu, mvulana, na kadogo kenye mwanya. Wanacheka. Wakapita, wakaja tena wamesimama mbele ya gari jeupe. Mzazi wao hakuonekana popote, bila shaka ndiye aliyeshika simu.

Sijawahi kuwaona maishani mwangu.

Nikamtazama Mama, Mama akanitazama. Mjomba alibaki ameshika waya, mdomo wazi.

"Jamani!" Bibi akasema. Akanyanyuka kwenye kiti, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Huyu ndiye kitindamimba? Huyu niliyekuwa namfuta makamasi? Tazama mwanya wake!"

"Na pua hiyo," Redio akadakia. "Hata ukimkana mahakamani, Punguza, pua itakushtaki. Ila kumbe una gari, na sisi bado unatulilia bei ya sponji?"

Huo ndio ulikuwa mlango. Angesema, "Mama, samahani, nimekosea, hawa siwajui," tungecheka, Redio angepata habari ya wiki nzima, yangekwisha. Nilimwona akivuta pumzi.

"Gari la rafiki yangu," akasema.

Bibi alikuwa ameshaanza kulia, analia huku akipangusa kioo kwa ncha ya khanga. Nadhani ndiyo maana. Nani amwambie mama anayelia hivyo kwamba amelilia watoto wa watu? Mimi pia sikusema. Mama alikwenda jikoni kuosha vikombe visivyo vichafu.

Baada ya hapo Bibi alihamia mbele ya kabati. Asubuhi aliwaamkua. Mvulana alimwona mkorofi, "macho hayo hayasomi." Msichana alimsifia kwa utulivu. Kila mgeni alipelekwa kuonyeshwa. "Mwanangu hana muda, lakini tazama alivyonifikiria," alisema, nasi tulitazama chini kama wanafunzi waliochelewa.

Mjomba akaacha kuja. Alipopigiwa simu, alikuwa na kazi nyingi. Mama akamfuata karakana, nami nikamfuata Mama. Tulimkuta amepiga magoti mbele ya kochi, misumari mdomoni.

"Tema hiyo misumari, nina neno," Mama akasema. Akatema. "Watoto unawaleta lini?"

"Dada, nitawaleta vipi? Akiwaona si atajua?"

"Kwa hiyo utawaficha mpaka tumzike?"

Mjomba akakaa sakafuni kwenye vumbi la sponji. Kwa mara ya kwanza sikumsikia akijaribu kupunguza chochote. "Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Nitaingia kwanza mimi, nimwambie, ndipo waingie wao."

Walikuja Jumapili mchana. Lakini langoni akainama kumfunga kitindamimba kamba za viatu, akamfunga, akamfungua, akamfunga tena. Mtoto akachoka, akaponyoka, wenzake wakamfuata. Wakaingia sebuleni bila baba.

"Shikamoo," wakasema kwa pamoja, kama wanavyomwamkia mwalimu mgeni.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmetumwa na nani?"

Binti mkubwa akageuka kumtafuta baba yake, hayupo. Bibi, kwa ukarimu wake, akadhani wanaona haya.

"Njooni niwaonyeshe wajukuu zangu. Mnalingana nao kabisa. Huyu mrefu ndiye wa kwanza, mpole sana. Huyu mtundu. Na huyu mwenye mwanya ndiye wa mwisho, kipenzi changu."

Watoto watatu wakasimama kwenye mstari wakitazama watoto watatu. Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni. Amesikia yote.

"Baba," kitindamimba akauliza, "hawa ni akina nani?"

Bibi aligeuka polepole. Akamtazama mtoto, akamtazama mwanawe, akaitazama fremu.

"Mama," Mjomba akasema. "Hao siwajui. Ilinunuliwa na picha zao ndani. Nilijua siku ile ile. Wako ni hawa."

Bibi akavua miwani, akaishika tu mkononi.

"Nimewauliza wajukuu zangu wametumwa na nani," akasema.

"Si kosa lako, Mama. Ni mimi niliye..."

"Sijasema na wewe."

Akarudi kitini, akavaa miwani, akamwita binti mkubwa asogee, akamwomba asimame penye mwanga wa dirisha. Akamtazama kwa muda mrefu, paji la uso mpaka kidevu, kama mtu anayesoma taratibu. Binti akatazama vidole vya miguu yake. Bibi akamuuliza anasoma darasa la ngapi, anapenda nini, kovu la kwenye nyusi limetoka wapi. Majibu yalikuwa mafupi, yenye adabu. Adabu ya kwa watu. Mjomba alisikiliza kila jibu akiwa amesimama, na hakuna aliyemwambia karibu kiti.

"Zile picha," Bibi akasema hatimaye, bila kumgeukia, "wale nao wana bibi yao. Zirudishe."

"Leo Jumapili, Mama, huenda duka..."

"Zirudishe."

Mjomba akachomoa waya. Watoto wa watu wakazimika. Akaibeba fremu kwapani, waya unaburuta sakafuni nyuma yake, wala hakuuinua. Kitindamimba akamkimbilia mpaka mlangoni.

"Baba, unatuacha?"

"Mwache aende," Bibi akasema. "Wewe njoo hapa kwenye mwanga."