Ukuta Mmoja na Baba Mkwe

Tangu kiwanda cha chai kiuzwe, orodha ya wanaosubiri nyumba za kodi nafuu hapa Tukuyu haiishi. Juzi ofisini, karani alimwambia mama mmoja kwamba zamu yake imefika: nyumba moja kati ya mbili zilizoungana. Badala ya kufurahi, mama akavuta kanga usoni.

"Ukuta mmoja na baba mkwe? Nirudishe mwisho."

Mkwe mwenyewe, aliyepewa nyumba ya pili, alikuwa benchini, amegeukia dirisha. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani.

"Mwambie achukue," mzee akamwambia karani. "Nirudishe mimi mwisho."

Karani akakuna kichwa kwa kalamu. Fomu yake inauliza mshahara, watoto, hata dini. Nani hatakiwi kuonana na nani, haiulizi.

Jana nilikwenda kuichungulia orodha ubaoni. Wote wawili wamerudishwa mwisho, majina yao yamefuatana.