Nge Hapimwi Kama Samaki

Ombui alitoka Kisii akaja Sori, kando ya ziwa, kuuza vitunguu. Hakukaa sana kabla ya kugundua kwamba vitunguu vina ubaya mmoja: kimoja kikioza, mteja anarudi nacho. Jiwe la nyoka, lile linalosemwa hunyonya sumu, halina ubaya huo. Likifaa, unasifiwa. Lisipofaa, mteja hatarudi kulalamika.

Na jiwe lenyewe si jiwe. Ni mfupa wa ng'ombe, ambao Ombui aliuchoma nyuma ya nyumba mpaka ukawa mweusi, akaukata vipande na kuvisugua vikang'aa. Ukibandika kipande juu ya mahali palipochanjwa, kinanata, kwa sababu kina vitundu na kinanyonya damu. Ukikitia kwenye maziwa, hewa inatoka, mapovu yanapanda, na watu wazima wenye ndevu wanashangilia, "Sumu hiyo! Sumu hiyo!" Kwa akili hiyo, basi kila sufuria ya uji hapa Sori ina sumu.

Bahati yake aliletewa na ziwa. Miaka ile ya kuingia Uhuru maji yalipanda, yakameza vibanda vya ufukweni, watu wakahamia juu kwenye mawe. Kule juu kulikuwa na wenyeji wa zamani, waliokaa chini ya kila jiwe na mikia imekunjwa mgongoni. Hakuna aliyewauliza kama wanataka majirani. Ikawa kila wiki mtu analia ameumwa na nge, na kila siku ya soko Ombui amesimama na kopo lake.

Ndani ya kopo alikuwa na nge mweusi, mpana kama kiganja, makucha kama ya kaa. Alimtoa, akamchokoza, akajiachia aumwe mkononi mbele ya umati. Mkono ulivimba. Akabandika jiwe, akalitia kwenye maziwa, mapovu yakapanda. Kufikia chakula cha mchana uvimbe umepungua, na mawe yote yameuzwa.

Hapa ndipo ninapowashangaa watu wetu. Sori kila kitu hupimwa kama samaki, kwa ukubwa. Kamongo mkubwa ni wa wageni wa heshima. Omena, dagaa wadogo wale, wanatupiwa kuku. Kwa hiyo nge mkubwa lazima awe mfalme wa sumu! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mnyama mwenye mikono ya kuvunja mende ahangaike kubeba sumu kali. Yule mweusi anauma kama nyuki aliyekasirika, basi. Wa kumkimbia ni yule mdogo wa manjano, vikono vyembamba kama nyuzi, mkia mnene. Huyo hana mikono, ndiyo maana ameweka mali yake yote mkiani.

Siku moja Jared, mchuuzi wa samaki, alimwonyesha Ombui mmoja wa hao wadogo, amemponda kwa ndara.

"Omera, ndugu yangu, na huyu je? Wa huyu huna jiwe?"

"Huyo?" Ombui akacheka mpaka kopo likatikisika. "Huyo ni omena wa nge. Kuku wangu wanawala hao."

Soko zima likacheka. Kibaya ni kwamba Ombui hakuwa anatania. Mwongo anayewadanganya wengine ni mfanyabiashara tu; anayejidanganya mwenyewe ni mjinga, na Ombui alikuwa amefika huko kitambo.

Sasa sikiliza. Asubuhi ya siku ya soko, mkewe Nyanchoka alikuwa anainua kuni, na binti yao Pauline, mtoto wa miaka minne, yuko hapo hapo miguu mitupu. Mtoto akapiga yowe. Chini ya kuni, nge wa manjano, hata kidole hajafika.

Ombui akaja mbio, akamwona yule nge. "Omena," akasema. Akabandika jiwe mguuni. "Tazama, Mama Pauline. Hata haujavimba."

Kweli mguu haukuvimba. Sumu ya yule mdogo haikai kwenye ngozi kupiga soga. Inashika mishipa ya fahamu na kuiamsha yote kwa pamoja, kama mlevi anayegonga kila mlango kijijini.

"Tata, siafu," Pauline akamlilia baba yake, akipangusa mguu. Siafu hawakuwapo. Kisha jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji. Akatapika. Mate yakaanza kutiririka, macho yakazunguka huku na huku bila kumwangalia mtu, miguu ikarusharusha. Kifua kikaanza kukoroma.

Ombui akalitia jiwe kwenye maziwa. Mapovu yakapanda.

"Unaona? Inatoka."

"Inatoka wapi?" Nyanchoka akamfokea. "Mtoto anashindwa kumeza mate yake mwenyewe! Baba Pauline, huo mfupa niliona ukiuchoma. Supu yake tulikunywa!"

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya soko. Njia ya chini ilikuwa ndani ya ziwa. Ilibaki kupita katikati ya soko, mbele ya kila mtu aliyewahi kununua jiwe. Ombui akamnyanyua mtoto, akasimama mlangoni kama mtu anayetafuta viatu, na tangu lini Ombui akawa na viatu?

"Kama unaona haya, nipe mimi," Nyanchoka akasema.

Hakumpa. Alikimbia.

"Daktari wa nge!" Jared akamwona wa kwanza. "Unampeleka wapi mgonjwa? Jiwe limekwisha?"

"Nipishe."

"Si ulituambia wadogo ni—"

"Niliwadanganya! Ni mfupa! Nipishe, omera, mtoto anakufa!"

Watu wakampisha. Halafu Jared, ambaye sikuwahi kumtegemea kwa jambo lolote jema, akamwaga kapu lake la samaki chini, akawapakia baba na mtoto kwenye baiskeli, akakanyaga.

Matiko, dresa, yaani muuguzi wa zahanati, Mkuria asiyepoteza maneno, akamlaza mtoto kiubavu ili mate yasimkabe, akampiga sindano.

"Umempa nini?"

"Jiwe. Na maziwa."

"Maziwa amekunywa nani?"

"Jiwe."

Matiko akavuta kiti, akakaa akihesabu pumzi za mtoto mchana kutwa na usiku kucha, hadi kulipopambazuka. Asubuhi Pauline akameza uji, akauliza siafu wameenda wapi.

Utadhani watu walijifunza. Wapi! Wiki iliyofuata walikuja kununua mawe kwa wingi kuliko zamani. Walisema jiwe haliponyi damu ya mwenye jiwe, kila mganga ana mwiko wake.

"Ni mfupa," Ombui akawaambia. "Mkiumwa na mwenye mkia mnene, kimbieni kwa Matiko."

"Huyu Mkisii anaficha dawa sasa," wakanong'ona, na Jared, aliyembeba mgonjwa kwa baiskeli yake mwenyewe, akamvuta kando: "Omera, mimi ni rafiki yako. Mimi niuzie moja tu."

Ombui amerudi kwenye vitunguu. Juzi mama mmoja alimrudishia kilichooza, akamtukana yeye na ukoo wake, soko likisikiliza. Ombui akamwacha amalize. Kisha akamwambia Pauline, aliyekaa juu ya gunia, amchagulie mama kingine kizuri.