Gato Yenye Haina Herufi

Juzi nilipita mbele ya bulanjeri mupya, duka la mikate, ile iko kwenye barabara ya lami kuelekea ziwa. Nyuma ya kioo walikuwa wamepanga gato ndogo za chokola, zile keki, na juu ya kila moja wamechora fuvu kwa sukari nyeupe, na macho na meno. Nikauliza ni za nini. Muuzaji, binti mwenye heshima, akaniambia ni za sikukuu ya wazungu ya kuogopeshana na mizimu, watoto wanavaa kama wafu na kuomba bonbon, ni kusema pipi. Nikatoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira, na sikujua vizuri ni hasira juu ya nani.

Nimeifikiria sana, maana sipendi kumuonea mutu. Binti yule hana kosa. Watoto wale pia hawana. Mutu mwenye anajua wafu wake wamelala wapi, anaweza kucheza na mafuvu. Lakini wewe rafiki yangu unanifahamu, nivumilie nikueleze kwa nini kwangu gato ya chokola si kitu ya kuchezea. Sikusoma sana. Nitasema kama vile ilikuwa, na pale sikumbuki nitasema sikumbuki.

Kwetu gato ya chokola ilikuwa ya wafu. Koko, ni kusema mama ya baba, yule tuliita papa, alitoka upande wa Beni, kwenye wanalima kakao kama vile wengine wanalima maharagi. Kila mwisho wa Oktoba mutu wa kwao alimuletea kifuko cha mbegu zilizokauka. Alizikaanga mpaka nyumba yote ya mbao ikanuka moshi mutamu, halafu mimi na mama tukamenya maganda na kutwanga kwenye kinu. Tanuri hatukuwa nayo. Koko aliweka changarawe ya volkano ndani ya sufuria kubwa, juu yake mikebe ya nyanya yenye tumepakaa mafuta na kujaza unga ule mweusi, tumeuchanganya na wa ngano na sukari, kisha mufuniko, na juu ya mufuniko makala ya moto. Ile changarawe ikipata moto ilipasuka kidogo kidogo, kama mutu anatafuna karanga.

Kila marehemu wa familia alikuwa na gato yake. Koko alikata kona ya sashe, kifuko cha plastiki, akaminya sukari nyeupe, akaandika herufi ya kwanza ya jina. Kusoma hakujua, lakini herufi za wafu wake alizijua zote. Siku ya wafu, tukitoka misa, kila mutu alipewa gato moja, na mbele ya kuiuma alisema kitu kimoja kizuri cha yule marehemu na kimoja kibaya. Ukisema uzuri peke yake, koko alikunyang'anya. Alikuwa anasema mutu wa sukari tupu si mutu, ni gato. Kwa hiyo siku ya wafu kwetu tulicheka sana. Bwana ya koko mwenyewe aliturudilia kila mwaka kama muzee mwenye alibeba mawe ya kujenga kanisa, na mwenye aliiba nyama kwenye sufuria ya mukwe wake.

Papa alikuwa anafuata maharagi Rutshuru na lori. Siku moja vita ikakata barabara. Watu wakashuka mpaka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya na magodoro kichwani, wengine na mbuzi, na papa hakuwa kati yao. Mama alienda kule kila asubuhi, akapita kati ya mashitingi, zile hema za plastiki, akiuliza. Mwisho dereva mumoja akasema watu wenye silaha walisimamisha lile lori na kumushusha papa. Wa kundi gani? Wengine wanasema hawa, wengine wale. Mimi sikuona, siandiki jina. Lakini walikuwa watu, walikuwa na mama zao, na kuko mumoja wao mwenye anajua mpaka leo papa iko wapi.

Siku ya wafu ikakaribia. Jirani yetu, mama wa maneno mengi lakini mwenye alitugawia unga wakati wa njaa, alimuambia koko kwamba mutu hangojewi kama basi, tumufanyie papa gato yake apumzike. Mama akajibu kwamba mwenye atamuandikia bwana yake herufi ndiye atakuwa amemuua. Wakagombana pale kwenye sufuria, gato zikiiva, na hata leo siwezi kusema nani alikuwa na haki. Koko alimuzaa. Mama alikuwa anamungojea. Mwisho koko akaandika, na herufi ikatoka imepinda.

Tulipotoka misa, ile gato akanipa mimi. Mama alisimama mulangoni, ametugeuzia mugongo. Nikasema kizuri: kila safari papa aliniletea muwa wa Rutshuru, ameukata mufupi ili uenee kwenye mukono yangu. Kisha nikatafuta kibaya. Nilikuwa mudogo, na papa alikuwa mutu wa barabarani. Nikatafuta mpaka macho yakajaa.

"Kibaya yake," nikasema, "hakurudi."

Hakuna mwenye alicheka. Koko akanyoosha mukono, akachukua ile gato polepole.

"Hiyo si kosa yake," akasema. "Hiyo ni kosa ya wale. Hatuziki mutu na kosa ya wengine."

Akashika kisu, akakwangua ile herufi mpaka gato ikabaki nyeusi. Kisha akamuambia mama, bila kumuangalia: "Basi, mama, tutamungojea." Mama akakuja, akakaa. Tangu siku ile, kila mwaka kulikuwa gato moja yenye haina herufi, na hakuna mwenye aliigusa.

Koko naye hayuko. Vita nyingine ilitufukuza mpaka kambi ya Mugunga, akafia chini ya shitingi, tukamuzika pembeni, kwenye mawe. Baadaye kambi ikabomolewa. Nilipoenda kutafuta musalaba wake, haukuwepo. Labda mama fulani aliuwasha apikie watoto. Yeye simulaumu. Ninawalaumu wale wenye walitufikisha mahali musalaba wa mutu unakuwa kuni. Kinu kiliporwa. Kule Beni wenye mashamba wanayakimbia, na kakao yao inaenda mbali, inaturudilia nyuma ya kioo na fuvu la kuchekesha.

Mimi ninaoka bado. Gato ya koko ina herufi, na kibaya chake ninakisema: firigisi ya kuku aliwafichia wajukuu wanaume. Ya papa bado iko nyeusi. Kila mwaka ninamuomba mama anipe kosa moja la papa, moja tu, yeye mwenye aliishi naye, ili niandike herufi na niiume. Mama anakung'uta unga kwenye mikono, ananijibu kama kila mwaka: "Akikuja, utamuona mwenyewe."

Basi hasira yangu ni juu ya wale wenye silaha. Walimuchukua papa na makosa yake yote. Mimi waliniachia mutu wa sukari tupu.